Kutoka Mafuta ya Mkani hadi Mapunye: Sayansi ya Nywele na Ngozi ya Kichwa

Unywele unaoonekana juu ya kichwa hauna uhai. Ni uzi wa protini iitwayo keratini, uliofunikwa kwa magamba membamba yaliyolaliana, usio na damu wala mshipa wa fahamu. Kilicho hai ni ngozi ya kichwa pamoja na vifuko vidogo vilivyomo ndani yake, kila kimoja kikisukuma unywele wake nje kidogo kidogo, usiku na mchana. Kwa hiyo utunzaji wa nywele ni kazi mbili: kuulinda uzi usikatike, na kuitunza ngozi isiugue. Kinachoufaa uzi kinaweza kuidhuru ngozi, na matatizo mengi yanayowapeleka watu hospitali, mjini Morogoro na katika vijiji vya milima ya Uluguru kama kwingineko nchini Tanzania, huanzia pale kazi hizo mbili zinapochanganywa.

Nywele za kipilipili zina umbile lake. Unywele mmoja ukikatwa na kutazamwa kwa hadubini, sehemu iliyokatwa huonekana bapa, kama duara lililobinywa pande mbili. Kifuko chake kimepinda ndani ya ngozi, hivyo unywele hutoka ukiwa tayari umejisokota. Kila penye kona ndipo unywele ulipo dhaifu zaidi, na mafuta ya asili yanayotolewa na tezi za ngozi hayawezi kuteremka kwa urahisi kwenye uzi wenye kona nyingi. Ndiyo maana nywele hizi hukauka upesi na kukatika wakati wa kuchanwa. Vipimo vilivyochapishwa na mtafiti wa Kifaransa Geneviève Loussouarn mwaka 2001 vilionyesha kwamba nywele za Waafrika aliowapima hukua kwa wastani wa robo milimita kwa siku, wakati za Wazungu hukua karibu milimita 0.4. Robo milimita kwa siku ni zaidi kidogo ya sentimita 9 kwa mwaka. Mtu anayelalamika kwamba nywele zake hazikui, mara nyingi zinakua vizuri kabisa, ila zinakatika kwa kasi ileile zinayoota nayo.

Umbile hilo lina manufaa yake. Mwaka 2023, mwanasayansi Tina Lasisi na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa sanamu yenye joto la mwili, iliyovishwa mawigi ya nywele za binadamu na kuwekwa chini ya taa zilizotoa mwanga kama wa jua. Nywele za kila aina zilipunguza joto lililofika kichwani, lakini zilizosokotana sana ndizo zilizolikinga fuvu kuliko zote, na mwili wenye nywele hizo ungehitaji jasho pungufu ili kujipoza. Kwa mkulima anayepalilia mpunga juani katika tambarare za Morogoro, hiyo ni faida inayohesabika kwa maji anayoyahifadhi mwilini.

Uzi mkavu unahitaji mafuta, na hapo ndipo utafiti umesaidia kutenganisha sifa na ukweli. Katika masoko ya Tanzania mafuta ya nazi na mafuta ya nyonyo huuzwa bega kwa bega, na wanunuzi wengi huyahesabu kuwa ni kitu kimoja. Sivyo. Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo molekuli yake ni fupi na nyoofu, hivyo hupenya hadi ndani ya unywele. Upenyaji huo ulithibitishwa mwaka 2001 na watafiti wa Princeton, Marekani. Mwaka 2003 Aarti Rele na R. B. Mohile wa India walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakapima kiasi cha protini kinachopotea nywele zinapooshwa na kuchanwa. Ni ya nazi peke yake yaliyopunguza upotevu huo kwa kiasi kikubwa, yawe yamepakwa kabla ya kuosha au baada yake. Ni haki kumweleza msomaji kwamba watafiti hao wawili walikuwa waajiriwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi. Hata hivyo maelezo ya kikemia ya upenyaji huo yanakubalika.

Nyonyo ni habari nyingine. Karibu asilimia 90 ya mafuta yake ni asidi ya risinoleiki, nzito na yenye kunata. Huufunika unywele kwa nje na kuupa mng'aro. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 2022 kuhusu mafuta ya nazi, ya nyonyo na ya argan yaliona kwamba ushahidi wa nyonyo kung'arisha nywele ni hafifu, na kwamba hakuna ushahidi imara kuwa huotesha nywele. Anayeyapaka ili nywele zing'ae hajakosea. Anayeyauza kwa mtu mwenye upara akimwahidi nywele mpya anauza ahadi isiyo na msingi.

Milima ya Uluguru ina mafuta yake yenyewe. Katika misitu yake yenye unyevu, sawa na ile ya Usambara, Nguru na Udzungwa, huota mti mrefu unaoitwa mkani kwa upande huu na msambu kwa Wasambaa. Wataalamu wa mimea huuita *Allanblackia stuhlmannii*, na ndugu yake wa karibu, *Allanblackia ulugurensis*, amepewa jina la milima hii. Tunda la mkani ni kubwa ajabu: la kahawia, lenye urefu unaoweza kuzidi sentimita 30, linaning'inia kwa kikonyo kirefu na kuanguka lenyewe likiiva. Ndani yake mna mbegu nyingi zilizozungukwa na utelezi. Kwa kienyeji mbegu hukaushwa, hupondwa, huchemshwa kwa maji, kisha mafuta yanayoelea huenguliwa. Yakipoa huganda na kuwa meupe na magumu, na hubaki hivyo hata katika joto la kawaida la chumba.

Ugumu huo una sababu. Zaidi ya nusu ya mafuta ya mkani ni asidi ya steariki na sehemu kubwa ya iliyobaki ni oleiki, mpangilio unaoyaweka karibu na siagi ya kakao. Hayachachi upesi, na yakipakwa huyeyuka karibu na joto la mwili na kuacha utando mwembamba unaozuia maji yasitoke. Kwa unywele wa kipilipili, kazi yake ni ya kufunika, si ya kupenya: hupakwa nywele zikiwa bado na unyevu baada ya kuoshwa, ili maji yaliyomo yasikauke haraka. Tangu mwaka 2002 kampuni ya Unilever pamoja na mashirika ya mazingira na ya kilimo mseto yaliendesha mradi wa kununua mbegu hizi kutoka kwa wanavijiji wa Tanzania na Ghana, na mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliruhusu mafuta hayo kutumika katika siagi ya kupaka mkate. Viwanda vya vipodozi navyo vikayachukua kwa krimu na viyoyozi vya nywele.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba mti wenyewe uko hatarini. Mikani ina dume na jike, na jike pekee ndilo lizaalo. Mbegu huweza kukaa ardhini mwaka mzima au zaidi kabla ya kuchipua. Ndiyo maana watafiti wa kilimo mseto waliweka nguvu kubwa katika kupandikiza vikonyo, ili mkulima apande mti ambao jinsia yake anaijua na usimchukue nusu ya umri wake kuzaa. Sehemu kubwa ya misitu ya Uluguru iko ndani ya hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Mafuta ya nywele yanayotoka kwenye mti wa namna hii yana thamani pale tu mti unapobaki umesimama.

Mpaka hapa ni habari za uzi. Dawa ya kulainisha nywele, ambayo kwenye saluni za mjini Morogoro kama za Msamvu au Kihonda huitwa tu "dawa", inagusa uzi na ngozi kwa pamoja, na hatari yake inatoka humo. Nguvu ya unywele inashikiliwa na viungo vya salfa vinavyounganisha minyororo ya keratini. Dawa huvunja viungo hivyo kwa kemikali kali ya jamii ya magadi, mara nyingi haidroksaidi ya sodiamu, au ya kalsiamu ikichanganywa na guanidini. Msusi hunyoosha nywele wakati viungo vimeachana, kisha huosha na kuzimua. Sehemu ya salfa hupotea moja kwa moja. Mwaka 2010 daktari Nonhlanhla Khumalo wa Chuo Kikuu cha Cape Town na wenzake walionyesha, kwa kupima asidi amino, kwamba nywele zilizowekwa dawa zina sistini pungufu, yaani ile sehemu ya protini inayobeba viungo vyenyewe.

Ukali wa dawa hizi haubadiliki kwa maneno ya kwenye kopo. Mwaka 2019 watafiti wa chuo hichohicho walipima pH ya dawa zaidi ya mia moja zilizokuwa sokoni Afrika Kusini. Kiwango cha kati kilikuwa zaidi ya 12, kiwango kinachoweza kubabua ngozi, na zile zilizotangazwa kuwa za upole au za watoto hazikuwa salama zaidi. Katika Afrika Mashariki, daktari Beverly Etemesi alichapisha mwaka 2007 uchunguzi wake kwa wanawake wa Nakuru, Kenya, kuhusu athari za dawa hizi. Mambo yanayotajwa mara kwa mara na watumiaji ni kuungua kichwa, nywele kukatika na nywele kupungua. Kichwa kinachochoma wakati wa dawa kimeshaanza kuungua, na desturi ya kumwambia mteja avumilie kidogo "ili ishike" inapaswa kuachwa kabisa. Vivyo hivyo mteja hapaswi kujikuna wala kusuguliwa kichwa siku moja au mbili kabla ya dawa, kwa kuwa michubuko hufungua njia.

Uchunguzi mwingine ulifanyika Marekani na kutangazwa Oktoba 2022. Watafiti wa taasisi za taifa za afya walifuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Kati ya wasiotumia kabisa bidhaa za kunyoosha nywele, walikadiria kwamba asilimia 1.64 wangepata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa waliozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka, makadirio yalikuwa asilimia 4.05. Utafiti wa aina hii unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, bila kuthibitisha kwamba moja ndilo linaloleta jingine. Hata hivyo tofauti ya kiasi hicho inatosha kumfanya mtu apunguze. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019, na dawa inayouzwa kwa kugawiwa kwenye vikopo visivyo na lebo iko nje ya ulinzi huo.

Kusuka hakuna kemikali, lakini kuna mvuto. Unywele unaovutwa kwa nguvu kwa muda mrefu hulegea kwenye kifuko chake, na kifuko kikiumia mara nyingi hujaa kovu na kufa. Upara wa namna hii huanzia mbele kwenye paji na pembeni karibu na masikio. Khumalo alipochunguza wasichana wa shule wa Cape Town aliukuta kwa asilimia 17.1 yao, na kwa wanawake watu wazima ulifika asilimia 31.7. Hatari ilikuwa kubwa zaidi pale misuko ilipowekwa juu ya nywele zenye dawa. Dalili za mwanzo zinaonekana kwa macho: vipele vidogo kwenye mistari, ngozi iliyotutumka mizizini, kichwa kinachouma usiku wa kwanza. Katika hatua hiyo kulegeza kunatosha, na nywele hurudi. Msusi mwenye mkono mwepesi anayeziacha nywele za ukingoni bila kuzikaza anamkinga mteja wake kwa namna ambayo hakuna mafuta yatakayoweza baadaye.

Rasta zenyewe, yaani nywele za bandia za kusukia, nazo zimeanza kuchunguzwa. Nyingi ni nyuzi za plastiki. Mwaka 2025 shirika la kutetea walaji la Marekani, Consumer Reports, lilipima aina 10 maarufu na kukuta risasi katika aina 9. Uganda kuna jaribio linalostahili kufuatiliwa: kampuni ya Cheveux Organique, iliyoanzishwa na Juliet Tumusiime, hutengeneza nywele za kuongezea kutokana na nyuzi za mgomba, zile zinazobaki shambani baada ya mkungu kukatwa. Mashamba ya migomba kwenye miteremko ya Uluguru, kuanzia Kinole hadi Matombo, hutupa mali ghafi hiyohiyo kila msimu.

Ngozi ya kichwa ina wakazi wake. Fangasi wa jamii ya Malassezia huishi juu ya kila kichwa cha mtu mzima, wakila mafuta yanayotolewa na tezi. Mabaki ya mlo wao huwasha ngozi za baadhi ya watu, ngozi ikaanza kujibandua kwa haraka kupita kiasi, na hiyo ndiyo mba. Wengi huona magamba, wakadhani ni ukavu, wakaongeza mafuta kichwani. Na fangasi hao hustawi kwa asidi nyingi za mafuta ya mimea. Mafuta ya nazi, ya nyonyo au ya mkani yapakwe kwenye nywele kuelekea ncha, yasisuguliwe kwenye ngozi yenye mba. Shampuu yenye ketokonazoli au seleniamu, ikiachwa kichwani dakika tano kabla ya kusuuzwa, hutuliza hali kwa wengi, ingawa mba hurudi tiba ikiachwa kwa muda mrefu.

Ugonjwa wa kichwa unaohitaji kutazamwa kwa makini zaidi kuliko yote haya ni mapunye, kwa sababu unashika watoto na kwa sababu hutibiwa vibaya. Uchunguzi wa wanafunzi wa shule za msingi za Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2010 na Komba na Mgonda ulikuta zaidi ya nusu yao wana tatizo fulani la ngozi, na fangasi walikuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya maambukizi. Shuleni watoto hunyolewa karibu na ngozi, mara nyingi kwa mashine moja inayopita kichwa hadi kichwa. Hukaa dawati moja, hubadilishana kofia, hulala kitanda kimoja na ndugu zao. Katika vijiji vya juu kama vya Mgeta, ambako baridi huwafanya watoto wavae kofia za sufu miezi ya katikati ya mwaka, kofia hizo nazo ni njia ya fangasi.

Fangasi wa mapunye hula keratini. Baadhi yao, kama *Trichophyton violaceum* aliyeenea Afrika Mashariki, huingia ndani ya unywele wenyewe na kuujaza vijimbegu mpaka unakatika usawa wa ngozi, ukiacha nukta nyeusi kichwani. Wengine, kama *Microsporum audouinii*, huuzunguka unywele kwa nje na kuacha mabaka ya kijivu yenye magamba. Kipimo chake hakihitaji maabara kubwa. Kisiki kimoja cha unywele hung'olewa kwa kibano, huwekwa kwenye kioo pamoja na tone la haidroksaidi ya potasiamu, husubiriwa keratini ilainike, kisha hutazamwa kwa hadubini. Vijimbegu huonekana vimejipanga ndani ya unywele kama shanga ndani ya mrija, au vimeufunika kwa nje. Taa ya Wood huyafanya mabaka ya Microsporum yang'ae kijani, lakini kwa *Trichophyton violaceum* haionyeshi kitu, na mganga anayeitegemea peke yake atawarudisha nyumbani watoto wagonjwa.

Historia ya tiba yake ina sura ya kutisha. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 watoto wa nchi nyingi walipigwa miale ya eksirei kichwani ili nywele zote zidondoke, na miongo kadhaa baadaye wengi wao walionekana kuwa na saratani ya tezi ya shingo na uvimbe wa ubongo kuliko wenzao. Mkombozi alikuwa dawa ya griseofulvini, iliyotolewa kwenye kuvu na kutambuliwa mwaka 1939, kisha ikagundulika mwaka 1958 kwamba ikinywewa huponya fangasi wa wanyama na baadaye wa binadamu. Inafanya kazi kwa kuingia kwenye keratini mpya inayotengenezwa ndani ya kifuko, hivyo unywele unaoota huwa umeshajikinga. Hapo ndipo lilipo jibu la kosa kubwa linalofanyika kila siku: krimu na marhamu, hata ile ya Whitfield inayosaidia kwenye ngozi ya mwili, hazifiki ndani ya kifuko. Kupaka chumvi, betri zilizopasuliwa au maji ya betri kunaunguza ngozi na kuwaacha fangasi palepale.

Griseofulvini hunywewa kila siku kwa wiki sita hadi nane, dozi ikipimwa kwa uzito wa mtoto, na hufyonzwa vizuri ikiambatana na chakula chenye mafuta, kama maharage yaliyoungwa kwa nazi au maziwa. Kwa fangasi wa Trichophyton, terbinafini kwa takriban wiki nne hufanya kazi vizuri, lakini kwa Microsporum griseofulvini ndiyo bora. Kichwa kikivimba na kutoa usaha, mara nyingi ni mwili unaopambana na fangasi. Kupasua hakufai, na antibayotiki peke yake haitoshi. Maofisa tabibu wa ngozi wanaofundishwa mambo haya hutoka zaidi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Ndugu wa mtoto anayetibiwa nao wachunguzwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mtoto anaweza kubeba vijimbegu bila dalili yoyote. Wote waoshwe kwa shampuu ya ketokonazoli mara mbili kwa wiki, ambayo hupunguza vijimbegu juu ya kichwa ingawa haiponyi peke yake. Kofia na vitana vichemshwe au vibadilishwe, na kinyozi asafishe meno ya mashine na kuyapaka spiriti kila baada ya kichwa kimoja. Mtoto akishaanza kunywa dawa na kuoshwa hivyo, hana haja ya kufukuzwa shule. Nywele zake huanza kuonekana tena ndani ya wiki chache, na dawa iendelee mpaka kipimo cha hadubini kionyeshe kwamba vijimbegu vimekwisha.